Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Usiwanyamazishe Warithi wa Philly Lutaaya

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Uganda,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Mimi ni mama wa makamo, niliyelelewa katika kambi ya jeshi, na Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu. Ndicho pia tulichotumia kumlilia mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya mwaka 1989, ingawa nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiganda. Watoto wa askari kutoka Arua, Gulu na Kasese tuliziimba tu, hata pale tusipoelewa neno.

Nakuja kwako na ombi moja. Wapo watu wanaoishi na VVU ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisimama mbele ya wagonjwa na wanafunzi na kusema, "Mimi ninavyo virusi, nanywa dawa, niulizeni." Hao ndio warithi wa Lutaaya. Nakuomba usiwaache wapotee.

Mheshimiwa, unaujua wakati ule kuliko mimi. Ugonjwa ulikuwa umeonekana Rakai, kusini mwa nchi, mapema miaka ya 1980, watu wakauita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni adhabu ya wafanyabiashara wa magendo wa ziwani. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kupambana na UKIMWI, na TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, lilizaliwa mwaka 1987 kwa juhudi za Noerine Kaleeba na wenzake. Matangazo yalikuwepo. Lakini marehemu wote waliondoka kwa "malaria" au "homa ya muda mrefu". Hakuna aliyekuwa tayari kusema.

Ndipo akaja Lutaaya. Alikuwa anaishi Uswidi, jina lake liko juu, albamu yake ya Born in Africa inapigwa kila pembe ya nchi. Angeweza kubaki Stockholm akauguzwa kimya kimya, na sisi tungeambiwa ni homa. Badala yake alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alikuwa Mganda mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo. Wapo waliomkejeli. Walisema anatafuta pesa, anataka kuuza kanda, mtu mwenye silimu hawezi kuwa na mwili ule. Akazidi kuzunguka shuleni na makanisani, akijibu maswali ya watoto na ya wakubwa, huku mwili ule waliokuwa wakibishana juu yake ukipungua mbele ya macho yao. Alone and Frightened aliiimba katika hali hiyo. Hadi leo nikiusikia wimbo huo huwa siwezi kuendelea na kazi niliyoishika.

Nyumbani kwetu kaka yangu mkubwa alikuwa mgonjwa. Kikombe chake kilitengwa, mkeka wake ukatengwa, na majirani wakawa wanapitia nyuma ya nyumba wasimsalimie. Jioni moja, baada ya habari za Lutaaya kusomwa redioni, kaka alimwita mama akamwambia, "Mama, ugonjwa wa Philly ndio wangu." Mama hakujibu. Alimimina chai katika kikombe cha kaka, akainywa yeye kwanza, kisha akampa. Kaka hakupona, maana dawa hazikuwepo. ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, zilianza kutolewa bure Uganda mwaka 2004. Lakini tangu jioni ile hakulala tena peke yake, na alizikwa bila uongo kaburini. Hilo nina deni nalo kwa Lutaaya, wala sijui namna nyingine ya kulilipa ila kusema.

Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38, siku 10 kabla ya Krismasi. Na Krismasi ndiyo tunayomkumbuka nayo! Albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1986 inasikika kila Desemba katika teksi, sokoni, madukani. Wajukuu zangu wanaiimba yote. Nilipowauliza mwimbaji alikufa kwa nini, hakuna aliyejua.

Mapema mwaka 2025 misaada ya Marekani iliposimama, wizara yako iliagiza kliniki za UKIMWI ziunganishwe na huduma za wagonjwa wa nje. Sipingi kuunganisha, huenda hata unyanyapaa ukapungua siku moja. Lakini katika kituo kimoja ninachokifahamu, watu hao wenye VVU waliokuwa wakikaa na mgonjwa mpya siku ya majibu walikuwa wanalipwa na mradi wa misaada hiyo. Mradi ulipofungwa, wakaambiwa warudi nyumbani. Sasa binti wa miaka 19 anapewa majibu yake upesi upesi katika foleni ndefu, anapewa kopo la dawa, anaondoka. Nani atamfuata asipokuja mwezi ujao? Muuguzi ana wagonjwa wa malaria wamejaa hadi nje.

Nchi hii ina watu takriban milioni 1.5 wanaoishi na VVU. Dawa zipo, tunamshukuru Mungu na wote walioleta. Ila dawa haimwambii msichana huyo kwamba ataolewa, atazaa mtoto asiye na virusi, atazeeka. Anayeweza kumwambia akaamini ni yule aliyeyapitia.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa: watu hawa waingizwe katika bajeti ya wizara, hata kwa posho ndogo, kila kituo cha afya cha ngazi ya tatu na ya nne kiwe nao wawili au watatu. Zungumza pia na mwenzako wa Elimu ili waruhusiwe tena kuingia shuleni. Na Oktoba 17, siku tunayomkumbuka Lutaaya, isiishie kwa hotuba za Kampala. Mwaka huu njoo Jinja, ukae nasi kwenye benchi, uwasikilize wao wakizungumza. Chai tutakuandalia.

Wako mtiifu,
Mama wa kujitolea katika kituo cha afya, Jinja