Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: andika utaratibu wa kuchinja

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Mkristo wa Kanda ya Ziwa, na nyama ninayokula imechinjwa na Waislamu tangu nizaliwe. Nyumbani wageni wakija aliitwa kijana wa jirani, akachinja kuku kwa Bismillahi, akaenda zake. Hakuna aliyetulazimisha. Tulijua kwamba akichinja mmoja wetu, kwa baadhi ya wageni hicho ni kibudu, nao watakula wali mkavu huku wakisema wameshiba.

Mazoea hayo yalitushinda mwaka 2013. Februari, kule Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika ugomvi wa nani achinje. Aprili zikafuata vurugu za Tunduma. Viongozi wa Serikali wakasema utaratibu wa zamani uendelee, na baadhi ya viongozi wa Kikristo wakauliza: kwa sheria gani? Swali hilo lilikuwa la haki. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na haisemi kisu ni cha dini ipi.

Hata hivyo nasimama upande wa mazoea, kwa machinjio ya halmashauri. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Kwa hiyo Wakristo wengi hatupotezi kitu Mwislamu akichinja, ilhali yeye, kisu kikishikwa na mwingine, anaweza kukosa kitoweo kabisa. Nimewasikia wenzangu wakimtolea Surat al-Maida aya ya 5, kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwake. Aya hiyo ina maulamaa wake wa kuijadili. Mimi na wewe, Mheshimiwa, hatuna kazi ya kusimama mlangoni pa bucha na kumfundisha mteja dini yake.

Lakini yupo pia Mkristo ambaye dhamiri yake inakataa nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine. Huyo naye asidhihakiwe. Apate mahali pa kuchinja palipo na leseni, daktari wa mifugo yule yule, muhuri ule ule, na bucha yenye kibao kinachosema wazi. Mbona kitimoto ina vibanda vyake, watu wanaiita mbuzi katoliki na kucheka, na hakuna anayerushiana mawe? Wasabato nao hawaigusi, wala kambale, kwa ajili ya Walawi 11. Harusini wanawekewa sato na sherehe inaendelea.

Jambo gumu ni ajira. Kijana Mkristo atasema kazi ya umma imefungwa kwake kwa sababu ya dini, na ni kweli. Sina jibu litakalomridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba kuchuna, kupasua, kukagua na kusafirisha kubaki wazi kwa wote, na mchinjaji aajiriwe kwa ustadi pia: kisu kikali, mkono wa haraka, mnyama asiteswe. Jina la dini peke yake lisitoshe.

Naomba basi haya yaandikwe katika kanuni chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006. Kanuni iseme kwamba Mwislamu anachinja kwenye machinjio ya umma ili nyama ile iliwe na watu wengi iwezekanavyo, si kwa sababu dini yake iko juu ya nyingine. Na adhabu kali imkute mwenye bucha atakayemdanganya mteja nyama imechinjwa na nani, au ni ya mnyama gani. Udanganyifu huo ndio unaoihusu Serikali moja kwa moja.

Rasimu ikiwa tayari, isiishie kwenye kumbi za Dodoma. Ipelekwe kwanza Buseresere na Tunduma, isomwe mbele ya wachinjaji, wenye mabucha, masheikh na wachungaji, kabla hujaitia saini.

Wako mtiifu,
Mlaji wa Kanda ya Ziwa