Kwenu vijana mnaosema "nimeshatia pesa nyingi, nitaachaje?"

Wanangu,

Mwaka huu watatu kati yenu mmenijia na neno hilo hilo, mmoja kwa sababu ya biashara, mwingine masomo, wa tatu nyumba anayoijenga. Nikaona niwajibu wote kwa pamoja, maana neno hilo nalijua. Liliniponza mimi mwenyewe.

Nilikuwa na lori. Injini ilipokufa nikaifanyia ukarabati mzima. Haikuchukua muda giaboksi ikagoma, nikanunua nyingine. Kisha ikaja zamu ya difu. Kila fundi aliponipa hesabu mpya, nilijumlisha nilizokwisha kulipa, na ile jumla ndiyo iliyonifanya nilipe tena. Sikujiuliza hata mara moja lori lile likipona litaniingizia nini.

Pesa kama hizo nilizokwisha kulipa wanauchumi huziita gharama iliyozama: fedha, muda au nguvu ambazo uamuzi wowote wa leo hauwezi kuzirudisha. Wahenga walishasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini tunainama kuyazoa kwa viganja. Hata serikali huinama. Uingereza na Ufaransa zilitiliana saini mwaka 1962 kuunda ndege ya Concorde. Gharama zikapita makadirio kwa mbali, mashirika yaliyokuwa yameonyesha nia ya kuinunua yakajitoa moja baada ya jingine, na kazi ikaendelea. Ilipoanza kubeba abiria mwaka 1976, wanunuzi walikuwa mashirika ya nchi hizo mbili tu. Wapo wataalamu wanaoliita kosa hili kwa jina la ndege hiyo.

Lakini msinisome haraka. Sijasema mwache kila kinachowaelemea. Chukueni watu wawili wanaojenga. Wa kwanza amebakiza kuezeka tu: kidogo alichobakiza kulipa kitampa nyumba nzima, basi na aezeke. Wa pili ameweka msingi, tena wa gharama kubwa kuliko msingi na kuta za mwenzake kwa pamoja, ndipo anagundua kwamba kiwanja kinafurika kila mvua ikinyesha. Huyo aliyetumia zaidi ndiye anayepaswa kuacha. Pimeni kilichobaki kulipwa na kitakachopatikana baada ya hapo. Zilizokwisha kutoka zimebakiza kazi moja, kuwafundisha namna ya kukadiria safari ijayo.

Kwenye mizani hiyo hiyo wekeni na kile mnachokikosa, yaani gharama ya fursa. Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi kwa sababu haina risiti. Siku nilizoshinda gereji nikimshikia fundi tochi, ningeweza kuwa naendesha gari la mtu kwa ujira. Wewe unayefikiria kuendelea na masomo usiyoyataka kwa kuwa ada ya mwanzo ulishalipa, hesabu na mwaka ujao utakaoutumia humo. Huo bado ni wako.

Wala msingoje mjue kila kitu ndipo mwamue. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kuwa akili ya mtu, muda wake na habari alizo nazo vina mipaka, hivyo mara nyingi tunachagua linalotosha. Likitosha, chagueni hilo.

Najua hesabu si ngumu kwenu. Kigumu ni macho ya watu. Na hapa sisi wazee tuna deni, kwani ndio tunaouliza kwenye vikao, "Miaka yote hiyo, unaachaje?" Niliuliza hivyo hata mimi, na kuna kijana alirudi kwenye biashara iliyokuwa ikimmaliza kwa sababu ya swali langu. Nimekwenda kumwomba radhi. Ninyi watatu mkija tena, nitawauliza kilichobaki ni kiasi gani na kitawapa nini, kisha mtakaloamua nitalisimamia mbele ya ndugu zenu.

Ni mimi, mzee wenu.