Barua kutoka Uyole kuhusu fedha za ujenzi baada ya vita

Uyole, Mbeya

Mpendwa Tuntufye,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Iringa. Barua yako imenifikia, na hoja yako kwamba nchi iliyotoka vitani inapungukiwa fedha tu imenikosesha usingizi, kwa kuwa naona kinachopungua zaidi ni mfuko wa wenyeji wa kuzipokea na kuzizungusha.

Chukua Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kati ya mwaka 1948 na 1952 Marekani ilizipa nchi 16 za Ulaya takribani dola bilioni 13, na sehemu kubwa ilifika kama chakula, mafuta, pamba na mashine. Mwenye kiwanda wa Ujerumani Magharibi aliilipia mashine yake kwa marka, sarafu ya kwao, na marka hizo zikaingia katika mfuko uliobaki huko huko, ukakopeshwa tena kupitia benki ya KfW, iliyoanzishwa mwaka 1948. Mfuko huo unakopesha hadi leo. Jumamosi, kwenye VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, watunza funguo watatu walipofungua sanduku, kila mmoja kufuli lake, mama mmoja akarejesha mkopo wa mbolea na muuza viazi akaondoka na fedha zile zile, nikaikumbuka hoja yako.

Afghanistan haikupata sanduku la namna hiyo. Kufikia mwaka 2014, hata baada ya kuhesabu mfumuko wa bei, fedha zilizoidhinishwa na Bunge la Marekani kwa ujenzi wake zilikuwa zimeupita Mpango wa Marshall mzima, lakini nyingi zilipita kwa makandarasi, nje ya bajeti ya serikali ya Kabul. Taliban walipoingia Kabul Agosti 2021 misaada ikakatwa, na walimu wakakaa miezi bila mshahara.

Utaniambia Ujerumani ilikuwa na viwanda na mafundi tangu kabla ya vita, nami nakubali. Lakini majirani zetu wa Msumbiji nao walikuwa na viwanda vya korosho. Walipata amani mwaka 1992, na miaka michache baadaye Benki ya Dunia ikashinikiza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upunguzwe. Korosho zikaenda kubanguliwa India, na maelfu ya wafanyakazi, wanawake wengi miongoni mwao, wakapoteza kazi. Hilo linaniuma kuliko yote, maana waliobeba hasara hawakuulizwa.

Utakapowafundisha vijana wako somo hili, nakuomba uanze na swali la marejesho: yanaingia sanduku la nani?

Ndugu yako,
Ambakisye