Kwa vijana wetu mnaotembeza wageni Lamu

Wanangu, asalaam aleikum.

Nawasikia mkipita na wageni vichochoroni. Mnasimulia nakshi za milango, masultani na karafuu (karafuu ni za Unguja na Pemba, jamani), kisha mnamalizia kwamba zamani Lamu watu waliishi kwa raha. Raha ya nani?

Mimi nimekulia hapa miaka ya 1950. Sufuria nyingi za wakati ule zilitelekwa kwa pesa ya boriti, miti ya mikoko. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi yakileta tende na mazulia, yakarudi na kusi yamesheheni miti ya mikoko, maana kwao miti ya kujengea haba. Kwa hiyo mkiingia nyumba ya mawe, waonyesheni wageni boriti za dari kwanza. Chumba chembamba vile kwa sababu urefu wa boriti una mwisho.

Na boriti haikujileta. Mkata mikoko alihamia kambini wiki kadhaa, mbu wakimla, maji ya kunywa ya kupimiana. Maji yakitoka, anashuka topeni hadi mapajani na shoka lake, anachagua mti ulionyooka, anaukata, anautia begani. Mguu mmoja ukizama, wa pili hauna pa kukanyaga. Mashua ipakiwe kabla maji hayajajaa. Mjini miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na bei yake. Aliyetajirika si aliyezama topeni.

Lipo na jingine mnalolikwepa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, lakini utotoni mwangu waliozaliwa utumwani walikuwa hai, na posa ikiletwa, ukoo ulichunguzwa kwanza. Mgeni akiuliza, msimzungushe.

Sisemi msitaje furaha. Maulidi yalikuwa Maulidi, na goma lilichezwa hadi jasho likatiririka.

Serikali ilipozuia kuuza mikoko nje mwaka 1982, soko lilikuwa limeshapoa; Ghuba ilipata mafuta, ikajenga kwa saruji na chuma. Wakataji wa enzi zile waliobaki ni wachache, na si wote wako mjini. Vukeni mwende visiwa vya jirani, huko Faza, Siyu, Ndau. Chukueni sukari na majani ya chai, msiende mikono mitupu. Waulizeni walilipwaje, nani aliwakopesha chakula cha kambini, deni lilikatwa vipi. Rekodini kwa simu zenu, lakini ombeni ruhusa kwanza.