Mshahara wangu ni pesa ya pamba

Aomori, Japani
Februari 2026

Mama, shikamoo. Baba mdogo naye shikamoo, maana najua barua hii ikifika kwenye simu ya dada itasomwa sebuleni kwa sauti.

Mimi mzima. Goti lililovimba Desemba limetulia, naliwekea barafu kila jioni. Tafadhali usilipeleke tena kwenye maombi ya jumuiya, watu watafikiri nimelazwa.

Naandika kwa sababu simu hazitutoshi. Huku tumewatangulia saa sita. Nikitoka uwanja wa kikapu saa tatu usiku, wewe uko sokoni saa tisa alasiri, mkono mmoja simu, mkono mwingine unapima dagaa wa mteja. Siku ya Krismasi uliniuliza, "Kwani unalipwa kila mwezi, au unalipwa mkicheza?" Mtandao ukakata pale pale. Tangu nianze kazi hii waandishi wameniuliza mengi, wa chuo kule Marekani na wa hapa, lakini hilo hajaliuliza hata mmoja.

Nalipwa kila mwezi, ila mwaka wangu hauna miezi kumi na miwili. Mchezaji mgeni anasainishwa kwa msimu. Mimi nilianza Agosti na mazoezi ya maandalizi, ligi ikaanza Oktoba, na mkataba unaisha Mei. Juni na Julai sina kazi, nasubiri simu ya wakala. Unamkumbuka mjomba wa Kwimba na pamba yake? Pesa inaingia wakati wa kuuza, halafu mtu anakaa nayo mpaka msimu mwingine, na ndugu wanaomjua wanakuja siku ya mauzo. Mshahara wangu ndio huo. Na kabla sijauona, serikali ya hapa inakata kodi ya mgeni asiye mkazi, asilimia 20.42. Kwa hiyo baba mdogo anapopiga hesabu ya mshahara wangu mara kumi na mbili, anazidisha namba isiyokuwepo kwa miezi isiyokuwepo.

Silalamiki. Hapa pesa inaingia tarehe iliyoandikwa. Kule nilikocheza kabla ya Japani, ambako sitakutaja, mwezi wa tatu walianza kutuambia "wiki ijayo", na wiki hiyo haikufika mpaka nilipopanda ndege.

Kazi yenyewe sasa. Jumatatu tunapumzika. Katikati ya wiki ni mazoezi asubuhi, vyuma, halafu video: kocha anasimamisha picha pale nilipochelewa kurudi kukaba, anaongea Kijapani dakika mbili nzima, mkalimani ananigeukia na kusema, "Amesema rudi haraka." Huwa najiuliza maneno mengine yote yalikwenda wapi. Jumamosi na Jumapili tunacheza, timu ile ile siku mbili mfululizo. Mechi 60 kwa msimu, karibu zote kwa mtindo huo. Jumamosi mnagongana vifua, mnasukumana kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu ukarudi, usiku mnalala, Jumapili mchana mnakutana tena na yule yule aliyekupiga kiwiko. Jumapili asubuhi nashuka ngazi nimeshika ukuta.

Halafu kuna sheria ya wageni. Tumesajiliwa watatu, lakini uwanjani tunaruhusiwa wawili tu kwa wakati mmoja. Hakuna mgeni anayeletwa huku kujifunza. Unaletwa kufunga na kuokota ribaundi, dakika thelathini na zaidi kati ya arobaini, na ukiumia wiki nyingi nafasi yako ni ile ile ambayo klabu inaweza kumtafutia mtu mwingine. Ndiyo maana nilikuwa nakwepa maswali ya goti, na ndiyo maana nalala saa nne usiku kama mtoto wa bweni. Dada akiona picha za wenzangu wakiwa Tokyo anauliza mimi niko wapi. Niko kitandani, mguu juu ya mito.

Mji wenyewe uko ncha ya kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Honshu, na ni kati ya miji inayopata theluji nyingi kupita yote duniani. Asubuhi nakuta gari limefunikwa, natoka na koleo. Bibi atafurahi kusikia kwamba watu hawa wenye treni za kasi wanapasha nyumba joto kwa mafuta ya taa. Gari la muuzaji linapita mtaani likipiga muziki, watu wanatoka na madumu. Chumba changu kinanukia kama jikoni kwake enzi zile, na mimi harufu ile siichukii.

Chakula, mama, ondoa wasiwasi. Unga wa mahindi naagiza mtandaoni. Dagaa wakavu wapo kila duka! Ila wanawachemshia supu, kisha wengi wanawatoa na kuwatupa. Nilimwona mama mmoja jirani akifanya hivyo, nikabaki nimeshika mlango. Wangu nawakaanga kwa nyanya na vitunguu, nasonga ugali, na mkalimani sasa anakuja Jumatatu bila kualikwa. Matofaa ndiyo usiseme, zaidi ya nusu ya matofaa ya Japani yanatoka mkoa huu, na mashabiki wananiletea kwa maboksi. Baada ya mechi tunazunguka uwanja mzima tukiinama kuwashukuru, hata tukiwa tumefungwa pointi ishirini. Kule nilikotoka ukifungwa hivyo unakimbilia chumba cha kubadilishia nguo.

Mdogo wangu ameuliza kama kuna Mtanzania mwingine amecheza huku. Yupo: Hasheem Thabeet mwenyewe alichezea Yokohama B-Corsairs msimu wa 2017-18. Mwaka 2009, klabu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika watu wote, akawatangulia James Harden na Stephen Curry, ambao baadaye walikuja kuwa nyota kumpita. Watu wa nyumbani wanapenda kumcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Wakati nacheza uwanja wa Don Bosco pale Upanga na viatu vya kuazima, kila senta mrefu alikuwa anaitwa Hasheem, na kocha wa Marekani aliposikia Tanzania hakuhitaji kuuliza kama tunajua kikapu. Mtu aliyefungua mlango ule ana heshima yake kwangu, awe alifunga pointi ngapi.

Swali la msimu ujao bado halina jibu. Ligi inabadilika kuanzia 2026-27. Daraja la juu linaitwa B.Premier, na kuingia humo hakutazamwi tena ushindi. Klabu inatazamwa wastani wa watazamaji 4,000, mapato ya yen bilioni 1.2, na uwanja unaokidhi vigezo. Mchezaji unaweza kushinda kila Jumapili na usipande popote. Naona wana hoja, maana klabu isiyo na pesa ndiyo ile ya "wiki ijayo". Ila kwa sisi wageni wa daraja la pili maana yake ni kwamba kila klabu inapiga hesabu upya, na majina yetu yamo kwenye hesabu hizo.

Kwa hiyo nyumba. Fundi ameshafunga linta, basi asimame hapo. Bati na mbao tununue mara moja Aprili, mshahara bado unaingia. Pesa ya Mei ni yangu ya kulia Juni na Julai, na ada ya mdogo wangu. Mwambie baba mdogo, kwa heshima zote, gari la biashara tutaliongelea nikiwa na mkataba mpya mkononi, si kabla. Nikifika katikati ya Mei nitamweleza mwenyewe, ila wewe anza kumwandaa.

Mdogo wangu ameomba viatu vya kikapu, hakusema namba. Asikisie. Asimame juu ya karatasi, achore unyayo, apime kwa rula kutoka kisigino hadi kidole kirefu, anitumie kwa sentimita, maana huku viatu vinauzwa kwa sentimita. Na awe amevaa soksi.

Mwanao