Potasiamu isipopanda, pimeni na magnesiamu

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanga mtu akilalamika kwamba vigimbi vinambana usiku, jibu huwa tayari kabla hajamaliza: kula ndizi, umepungukiwa potasiamu. Ushauri huo si wa kubezwa. Lakini mgonjwa wa presha au moyo anayetumia dawa ya kukojosha anaweza kula ndizi kila siku, akaongeza na vidonge vya potasiamu, na kipimo cha potasiamu kikabaki palepale chini ya milimoli 3.5 kwa lita. Hapo wa kutafutwa ni madini mengine, magnesiamu.

Kwenye mirija midogo ya figo kuna vilango vinavyopitisha potasiamu kwenda kwenye mkojo. Magnesiamu iliyomo ndani ya seli hukaa kwenye vilango hivyo kama komeo. Ikipungua, komeo linaachia na potasiamu unayoiongeza inaishia chooni. Kumpa mgonjwa potasiamu peke yake katika hali hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Tena pampu ya seli, ile inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, haiendi bila magnesiamu. Kwa hiyo hata potasiamu iliyobaki haikai ndani ya seli inavyotakiwa.

Kalsiamu nayo hufuata. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vinavyotoa homoni ya kuuamuru mfupa uachie kalsiamu. Magnesiamu ikishuka sana, vitezi havitoi homoni ya kutosha, na hiyo kidogo inayotoka mfupa hauisikii. Mgonjwa anaanza kuhisi ganzi vidoleni na kuzunguka mdomo. Wakati mwingine dalili huonekana wakati wa kupima presha: mkanda ukiachwa umebana kwa dakika tatu, kiganja kinajikunja chenyewe, vidole vikinyooka na kukusanyika huku dole gumba likiingia ndani. Ukiona hivyo usiseme mgonjwa anajikaza. Hali ikizidi huja degedege, au moyo kupiga ovyo, na hilo la moyo ndilo linaloua.

Wanaohusika zaidi ni watumiaji wa furosemaidi, ile wengi wanayoiita Lasix, na dawa za kundi la thiazaidi, zote za kukojosha. Waliokunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa mwaka na zaidi. Wanywaji wa pombe kupindukia. Wenye kisukari kisichotulia. Na wanaoharisha kwa wiki nyingi. Paketi ya ORS, ile ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ina potasiamu, haina magnesiamu. Kwa kuharisha kwa siku mbili tatu hilo halina neno.

Kipimo cha kawaida cha chumvi za damu huleta sodiamu, potasiamu na kloraidi. Magnesiamu huwa inaombwa kwa jina lake. Kiwango cha kawaida ni takriban 0.7 hadi 1.0 milimoli kwa lita, ila jibu zuri lisikulaze usingizi: magnesiamu iliyo kwenye damu haifiki asilimia 1 ya yote mwilini, karibu nyingine yote imo mifupani na ndani ya seli. Mwenye dalili na potasiamu isiyopanda anaweza kuwa na upungufu ingawa karatasi inasema yuko sawa.

Kwenye chakula, mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 400 za magnesiamu kwa siku, mwanamke 310 hadi 320. Ndizi moja haizidi sana 30. Konzi ya korosho, gramu 30 hivi, inatoa karibu 80, na mbegu za maboga za uzito huohuo zinapita 150, nazo ndizo tunazozitupa pamoja na utumbo wa boga! Kunde, mchicha na karanga zinasaidia. Maji ya kuchemshia mchicha msiyamwage, madini yamo humo. Ugali wa dona una magnesiamu nyingi kuliko wa sembe, kwa sababu mashine inapokoboa inaondoa pumba na kiini.

Vidonge ni habari nyingine. Mwenye figo mbovu asijinunulie magnesiamu, wala asitafune vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu kama peremende: figo haziitoi, inajilimbikiza, misuli inalegea, presha inashuka na pumzi inapungua. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, si kinywaji chake. Na anayetumia dawa za presha na moyo kama losartani, enalaprili au spironolaktoni asijiongezee potasiamu bila kupima, kwani dawa hizo huibakiza mwilini.

Kwa mwenye figo nzima, kuharisha ndiyo dalili ya kwanza kwamba dozi ya magnesiamu imezidi. Dozi igawanywe na inywewe pamoja na chakula. Anayetumia doksisaiklini au siprofloksasini, dawa za kuua bakteria, anywe dawa hiyo angalau saa mbili kabla ya magnesiamu. Akitanguliza magnesiamu, asubiri muda wa saa sita ndipo anywe dawa hiyo. Vikikutana tumboni hushikana, na dawa haiingii kwenye damu.

Wafamasia wawili,
Ngamiani, Tanga