Shukrani kwa mama wa sare ya chungwa

Naandika hapa mkiwa mashahidi, ingawa mwenyewe hasomi Kiswahili.

Mafuriko ya 2022, mto Clarence, jimbo la New South Wales, Australia. Maji yalipanda usiku, nikapiga 132 500, namba ya SES, kikosi cha uokoaji cha jimbo. Akaja mama mtu mzima na boti ya mpira. Aliifunga kwenye nguzo ya baraza, akambeba mama yangu mgongoni, kisha akauliza, "Hati zenu ziko wapi?" Akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga mafundo mawili. Hilo mimi sikuliwaza kabisa!

Boti na mafunzo hutolewa na SES. Yeye halipwi hata senti.

Maji yalipopungua alirudi. Navua kamba mlangoni mwa mto, na nyavu zilikuwa zimekwenda na maji. Akaketi nami juu ya ndoo, tukajaza fomu ya ruzuku ya serikali ya jimbo, akapiga picha kila kamba ya nyavu iliyokatika.

Asante sana, mama. Na nyie ndugu mnaoishi huku, SES wanapokea wageni na kuwafundisha bure. Nendeni mkajiandikishe.